Kifungio cha Pazia Hupimwa Pazia Likiwa Limetundikwa

Nyumba yetu ipo Tanga, si mbali na bahari, na madirisha ya sebuleni hupokea upepo wote wa kaskazi. Kwa muda mrefu pazia lilipopeperuka nililipiga fundo, na jioni likawa na makunyanzi ambayo hata pasi ilishindwa kuyanyoosha vizuri. Nilipoamua kutumia vifungio, yaani vishikio vya kuliweka pazia kando ya dirisha, nilinunua vya chuma vilivyopakwa rangi ya dhahabu. Hewa ya chumvi ikavila, na masika yalipokwisha vilikuwa vimeacha alama za kutu kwenye pazia jeupe. Alama hizo nilizitoa kwa maji ya limau na chumvi, kisha nikalianika pazia juani. Msikimbilie dawa ya kung'arishia yenye klorini, kwa sababu huifanya kutu ishike zaidi. Tangu hapo natumia kitambaa au ukili, na kulabu za shaba au plastiki.

Kosa ninaloliona katika nyumba nyingi ni kukata kifungio kwa kukisia. Litundikeni pazia kwanza, mlikusanye kwa mkono mahali mnapotaka kulifunga, kisha mzungushe futi ya fundi cherehani bila kuikaza mpaka ifike kwenye kulabu. Pazia langu zito la sentimita 210 lilihitaji kifungio cha sentimita 68, ilhali lile jepesi la chumbani lilitosheka na 45, na ningelikata vyote sawa, kimoja kingelinyonga pazia na kingine kingelegea.

Kanga iliyochakaa katikati bado ina pindo zuri, nalo ndilo ninalolipenda kuliko vitambaa vyote vya dukani. Nakata kipande cha upana wa sentimita 22, nakikunja katikati ua la pindo likiwa ndani, nashona sentimita moja kutoka ukingoni, kisha nakigeuza, napata kifungio cha upana wa sentimita 10. Ndani natia kitambaa kigumu kama kile ambacho mafundi hukiweka kwenye kola za mashati, la sivyo kitajikunja kama kamba. Urefu wa kanga moja hutoa vifungio viwili. Ukili wa ukindu nao hupendeza sana, hasa uliotiwa rangi, lakini ushonewe kitambaa laini kwa nyuma ili usikwaruze pazia jepesi.

Kulabu huwekwa theluthi moja ya urefu wa pazia kutoka chini, yaani sentimita 70 kwa pazia langu. Ukuta wa tofali za saruji hutobolewa kwa drili na kutiwa fisha (kiplastiki kinachoishika skrubu) kabla ya skrubu, kwani msumari mtupu hulegea. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa anaweza kukifunga kifungio kwenye nondo za dirisha.

Hata hivyo, sentimita 70 ni kimo cha mtoto mdogo, na kitanzi kinachoning'inia kinaweza kumkaba shingo. Katika chumba cha watoto nimepandisha kulabu hadi sentimita 140, na pazia linapoachiwa jioni, kifungio hubanduliwa kabisa na kuwekwa juu ya kabati. Kabla ya magharibi mimi hukung'uta kila pazia lililokuwa kwenye kifungio mchana kutwa, kwa maana mbu hupenda kujificha kwenye mikunjo yake yenye giza.