Barua ya serikali ya mtaa haitoshi, nenda mahakamani mapema

Ndugu uliyeuliza kama barua ya serikali ya mtaa inatosha kukuruhusu usimamie nyumba ya mama yako anayesahau: haitoshi. Hata muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi. Nasema kwa yaliyotukuta hapa Tabora.

Baba alikuwa fundi wa reli. Uzeeni akaanza kusahau majina ya wajukuu, halafu njia ya kurudi nyumbani. Jioni moja nikamkuta kibarazani, dole gumba limejaa wino. Nilipomuuliza akanijibu kwa furaha, "Nimesaini mahudhurio, mwanangu. Leo nimewahi zamu." Kumbe jirani amemwekesha dole kwenye karatasi ya kuuza kiwanja. Nililia.

Nilikuwa na hati ya uwakilishi, karatasi ya baba ya kunipa mamlaka ya kutenda kwa niaba yake, nikadhani ni kinga. Wakili akanieleza kuwa baba aliitoa akiwa tayari haelewi anachosaini, kwa hiyo ni bure. Na hata angeitoa mapema, kwa Sheria ya Mikataba uwakala hukoma aliyekutuma akipoteza akili. Njia iko kwenye Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008: ndugu anaiomba mahakama iteue msimamizi wa mali za mgonjwa. Usichanganye na mirathi. Mama yako yuko hai, mali ni yake.

Jirani alijitetea kwamba siku ile mzee alikuwa mzima. Hapo tulihangaika sana, maana sheria inakubali mkataba wa mtu kama huyo ukifanywa wakati akili zimemrudia, na baba kweli alikuwa na asubuhi zake nzuri. Kilichotuokoa ni daftari la kliniki. Siku mbili kabla ya lile dole, daktari aliandika kuwa mgonjwa hajui mwaka wala mahali alipo. Baraza la Ardhi na Nyumba likatengua mauzo. Mpeleke mama hospitali wiki hii, na kila karatasi iwe na tarehe.

Kama hela ni shida, tafuta wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Hawaruhusiwi kukuwakilisha mahakamani, ila walituandalia maelezo bure.

Na mama mwenyewe aulizwe. Baba alipoulizwa nani amtunzie nyumba, alimnyooshea kidole mdogo wangu wa kike, anayemwogesha kila asubuhi. Mimi kifungua mimba nilijua ni mimi. Akateuliwa yeye.