Mkuu wa Moshi, hiyo kadi ya PCIe usiilipie

Mkuu, simamisha hiyo oda kabla basi la Dar halijapakia mzigo. Umesema mashine yako inaendesha Linux, ndani yake una Windows kwenye VirtualBox (programu ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta) kwa ajili ya kuonyeshea sinema bandani kwako, na sasa unataka kununua kadi ya sauti ya PCIe (ya kuchomeka ndani ya kompyuta) yenye tundu la optiko (la waya wa mwanga) ili Windows ya ndani itoe 5.1 (sauti ya chaneli sita) mpaka kwenye ampu. Haitatoa. Pesa itaondoka na ampu itabaki kuandika PCM (sauti ghafi ya stereo) kwenye kioo chake.

Nina uchungu na hili kwa sababu laki mbili na ushee zangu ziliondoka hivyohivyo. Muuzaji mmoja hapa Arusha nilimweleza wazi kwamba Windows yangu imo ndani ya mashine pepe, akanijibu bila hata kufikiri: "Wewe chomeka tu, itaiona yenyewe." Nikaifunga kadi, nikawasha. Linux ikaitambua vizuri, taa nyekundu ikawaka kwenye tundu la optiko. Nikaingia Windows, nikafungua orodha ya vifaa: kadi iliyoandikwa pale ni ileile ya siku zote, Intel HD Audio. Hiyo kadi mpya kwa Windows haipo kabisa.

Na haiwezi kuwepo. VirtualBox haimwonyeshi mgeni (yaani Windows ya ndani) kadi yako, inamwigizia kadi yake: Intel HD Audio, AC97 au Sound Blaster 16, chaguo ni hizo. Hata ungefunga kadi ya milioni, Windows itaona maigizo hayohayo. Zamani kulikuwa na njia ya majaribio ya kumpa mgeni kadi ya PCI moja kwa moja, lakini iliondolewa toleo la 6.1. Ukikuta maelezo ya zamani mtandaoni yanayosema inawezekana, angalia tarehe kwanza.

Sasa kwa nini 5.1 inafia njiani? Waya wa optiko una nafasi ya chaneli mbili tu za sauti ghafi. Chaneli mbili za biti 16 kwa 48kHz ni kilobiti 1,536 kwa sekunde. Chaneli sita ghafi zingetaka mara tatu ya hapo. Kwa hiyo Dolby Digital (ndiyo 5.1 ya sinema nyingi) hupita ikiwa imefungashwa, kwa DVD mara nyingi kilobiti 448, ikijifanya ni stereo ya kawaida, na ampu ndiyo inayoifungua. Kifurushi hicho hakitaki kuguswa hata biti moja. Lakini sauti ya mgeni inapita kwanza kwenye mixa ya Linux, programu inayochanganya sauti zote. Mixa ikipunguza volyumu kidogo, ikibadilisha 48kHz kuwa 44.1kHz, au ikichanganya na mlio wa meseji, kifurushi kimeharibika. Ampu itanyamaza, au itakupigia kelele kama mafuta ya moto yaliyomwagiwa maji. Wateja wako hawatavumilia hiyo.

Muuzaji anayeuza kadi za sauti kila siku alipaswa kujua haya, na kama hajui aseme hajui. Niliporudi akaniambia boksi likishafunguliwa bidhaa hairudi. Mtu amekuuliza swali la moja kwa moja, anakutegemea, halafu unamjibu kwa kubahatisha kwa pesa yake! Bado naumia.

Shika hili moja: mgeni lazima ashike kadi yenyewe mkononi. Kwa VirtualBox hiyo maana yake ni kadi ya sauti ya USB yenye tundu la optiko. Kwenye Linux jiongeze kwenye kundi la vboxusers, toka uingie upya, kisha kwenye mipangilio ya mashine pepe chagua USB 3.0, usiache 1.1. Ongeza hiyo kadi kwenye vichujio vya USB ili mgeni aikamate kila anapowaka. Ukifanya hivyo Linux inaipoteza kadi, Windows inaweka draiva yake, na biti zinatoka bila kupita kwenye mixa ya mtu. Kwenye VLC, programu ya kuchezea sinema, washa upitishaji wa S/PDIF (njia ya dijitali inayopita kwenye waya wa optiko), na hapo kioo cha ampu kitaacha kuandika PCM, kitaandika Dolby Digital.

Sauti ikikwaruza, tatizo ni muda: USB ya sauti haipendi kucheleweshwa, na mashine pepe huchelewesha. Hapo hamia KVM, mfumo wa mashine pepe wa Linux yenyewe, umpe mgeni kidhibiti kizima cha USB, kama BIOS yako ina VT-d au AMD-Vi (uwezo wa kumkabidhi mgeni kifaa halisi). Kwa KVM hata ile ya PCIe ingewezekana, lakini wewe hauko huko.

Na kama stereo inakutosha, usinunue kitu. Chagua optiko kama njia ya sauti ya Linux, sauti ya Windows itapita humohumo ikiwa dijitali.

Kabla ya kulipia hiyo ya USB, muulize muuzaji kama inapitisha AC-3 (ndiyo Dolby Digital), maana zipo zinazotoa PCM peke yake. Akijibu "itakuwa inapitisha", mwambie aichomeke kwenye ampu mbele yako.