Maswali ya Wasomaji: Ukuta wa mawe na chokaa unaolowa kila masika

SWALI: Nyumba yetu ya urithi iko Mji Mkongwe, Zanzibar, kuta zake ni za mawe na chokaa. Chumba cha chini kimepigwa plasta ya saruji mara mbili na kupakwa rangi ya mafuta. Kila baada ya masika plasta inavimba na kumwaga unga mweupe. Zamani unyevu ulifika magotini, sasa umefika kiunoni. Fundi anashauri dawa ya kuzuia maji, kisha vigae. Tukubali? – Msomaji, Malindi

JIBU: Msikubali. Unyevu umepanda kwa sababu ya hiyo saruji. Mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka ardhini, kisha huyatoa hewani kupitia uso wa ukuta. Saruji na rangi ya mafuta zimeuziba uso huo, kwa hiyo maji yanapanda hadi yapate pa kutokea. Vigae vitayasukuma juu zaidi. Unga mweupe mnaouona ni chumvi: maji yanapokauka yanaiacha nyuma, nayo inaganda ndani ya vitundu vya plasta na kuipasua.

Kabla ya kubomoa chochote, tafuteni maji yanakotoka. Fungeni bomba zote usiku na msome mita. Ikiwa imesogea asubuhi, kuna bomba linalovuja. Kagueni karo, na gata zilizoziba au zinazomwaga ukutani. Tazameni uchochoro pia: mara nyingi umesakafiwa kwa zege na kupandishwa hadi ukapita usawa wa sakafu ya ndani, na maji ya mvua hayana pa kwenda ila ukutani. Panapowezekana, chimbeni ukanda wa sentimita 30 kando ya ukuta, mjaze kokoto, na sakafu ya nje iinamishwe kuelekea mbali na nyumba. Kazi ya upande wa nje iombewe kibali kwanza kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Kisha bandueni saruji yote hadi sentimita 50 juu ya alama ya unyevu. Tumieni tindo na nyundo ndogo kwa kuilaza tindo. Mashine ya kutoboa hulegeza mawe. Chumvi isafishwe kwa brashi kavu na kuzolewa kila siku. Msiioshe, maana maji huirudisha ndani.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa haraka. Ukuta wenye unene wa nusu mita haukauki kwa wiki mbili. Anzeni masika yakiisha, muuache wazi kiangazi chote, madirisha yakiwa wazi. Ukihitaji miezi sita, upewe.

Plasta mpya ni chokaa kipimo 1 kwa mchanga mkali 3. Mchanga wa pwani una chumvi, msiutumie. Chokaa ya mfuko iwe mpya na mfuko uwe haujafunguliwa. Iloweni angalau siku nzima hadi iwe uji mzito. Vaeni glavu na miwani, kwani chokaa inaunguza macho. Lowesheni ukuta, pigeni tabaka la kwanza lisilozidi milimita 15, mlichane. Kidole gumba kikishindwa kulibonyeza lakini kucha bado inakwaruza, pigeni la pili, milimita 10. Funikeni kwa magunia mabichi siku kadhaa. Chokaa ikikauka kwa jua kabla ya kushika, inakuwa vumbi. Malizieni kwa chokaa ya kupaka, matabaka manne au matano membamba.

Plasta hiyo huenda ikaanza kumeguka baada ya mwaka au miwili. Inavuta chumvi iliyobaki ukutani, na hiyo ni kazi yake. Ibandueni sehemu iliyochoka, mpige nyingine.

SWALI: Doa langu liko ghorofani, karibu na dari, pale boriti inapoingia ukutani. Nifanye yaleyale?

JIBU: Hapana, na usisubiri. Maji hayo yanatoka juu: bati, gata, au bafu la ghorofa ya juu. Ncha ya boriti huoza ndani ya ukuta huku sehemu inayoonekana ikiwa nzima. Ichome kwa bisibisi pale inapoingia ukutani. Ikizama kwa urahisi, weka nguzo ya muda chini yake leo na uite fundi seremala anayejua boriti za mikoko.

SWALI: Naweza kuchanganya saruji kidogo ili chokaa ikaze haraka? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Usichanganye. Saruji kidogo huvuruga chokaa isishike vizuri, na nyingi hurudisha tatizo la kwanza. Ukiwa na haraka, tumia unga laini wa matofali ya kuchoma, nusu kipimo kwa kila kipimo cha chokaa, na upunguze mchanga kiasi hichohicho.