Lengo la "kushinda matatu kabla ya Desemba" lilinipotezea mwaka

Mkuu, umeuliza uweke malengo gani ili upande kiwango kwenye mashindano ya poka, na umesema umeshajiwekea lengo la kushinda mashindano matatu kabla ya Desemba. Na mimi niliweka lengo kama hilo. Mwaka mzima ulipita sijajifunza kitu.

Ushindi hauko mikononi mwako. Ukiwa na A mbili, mwenzako K mbili, chipu zote mezani kabla ya flopu (karata tatu za kwanza zinazofunuliwa mezani), una takriban asilimia 82 ya kushinda. Bado karibu mara moja katika tano unanyanyuka kwenye kiti. Na hakuna anayefika fainali kwa mkono mmoja: ukiweka zote mara tatu, kila mara una asilimia 80, nafasi ya kupona zote ni asilimia 51 tu. Sasa lengo gani hilo linalotegemea bahati kiasi hicho?

Kilichonisaidia ni daftari. Nakaa Mbezi, kwa hiyo foleni ya kurudi nyumbani inanipa muda wa kutosha. Kila nikitolewa naandika: nilibaki na blaindi ngapi (yaani chipu zangu ni mara ngapi ya blaindi kubwa, dau la lazima la kila mkono), nilikaa kiti gani, nilishika nini, nani alianza kuweka. Baada ya mashindano kama 20 nikasoma kurasa zote kwa mpigo, na zaidi ya nusu zilikuwa hadithi ileile. Nina blaindi 10, nasubiri karata nzuri, nafika 4, naweka zote, na mwenye chipu nyingi ananikoli (analipa dau langu) na takataka kwa sababu haimgharimu kitu.

Piga hesabu. Blaindi ndogo nusu, kubwa moja, ante (dau la lazima linalolipwa kwa niaba ya meza nzima) moja: kila mzunguko unalipa blaindi mbili na nusu. Blaindi 10 ni mizunguko minne tu. Mimi nilikuwa naita huko ni subira!

Basi lengo likawa moja, la miezi miwili: nikiwa na blaindi 10, nijue kwa kila kiti naweka zote na nini. Kwenye kiti cha dila (mgawa karata, wamebaki wenye blaindi tu nyuma yako), wote wa mbele wakishatupa, pea yoyote na A yoyote zinaingia. Kiti cha kwanza kuamua, meza ya watu tisa, A na 4 za rangi tofauti naitupa bila kujiuliza. Nilijitungia maswali kumi kila siku, naandika jibu kwanza ndipo naangalia jedwali linaloonyesha karata za kuweka zote kwa kila kiti. (Mkikaribia nafasi za malipo mambo yanabana zaidi, lakini hilo ni somo la baadaye, usilichanganye sasa.)

Pesa: tenga fungu lake, ada moja isizidi asilimia 1 ya fungu hilo, na kodi ya nyumba isiguswe kabisa.

Futa hilo la Desemba, mkuu. Weka hapa mikono mitano ya mwisho iliyokutoa, pamoja na blaindi ulizobaki nazo na kiti ulichokaa, tuangalie wapi panavuja.