Darasa Lenye Lugha Nane: Barua kwa Mwanangu

Kisumu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza ufanyeje na darasa lako la theolojia hapo Sondu: wanafunzi 16, lugha za mama nane, kila kabila benchi lake, na wanaojibu ni wale wale watatu.

Usianze na siku ya utamaduni. Shanga na ngoma zitapendeza Jumamosi moja, Jumatatu somo libaki lilivyokuwa. Anza na fundisho lenyewe. Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani la Walutheri, kifungu cha 7, linasema umoja wa kanisa watosha ukiwa na mapatano juu ya Injili na sakramenti. Desturi za wanadamu si lazima zifanane kila mahali. Wasome hicho wiki ya kwanza, maana wengine wamekua wakidhani kanzu na tuni walizoleta wamishonari wa Uswidi ndizo Ulutheri.

Kisha wagawe wanne wanne, lugha tofauti. Kila mmoja aandike kwa lugha ya mama: "Mungu humhesabia haki mwenye dhambi kwa neema." Awaeleze wenzake neno kwa neno, nao wairudishe kwa Kiswahili. Hapo ndipo penye utajiri. Mjaluo ataona kwamba ng'wono hubeba neema na huruma pamoja. Mpokot atawaeleza Tororot, jina la Mungu kwao, ni nani. Dakika 40 zatosha. Kinachoharibu zoezi ni mwanafunzi kutafsiri kitabu cha Kiingereza badala ya kusikiliza usemi wa kwao, kwa hiyo Kiingereza kiwekwe kando. Luther naye alishauri tuwasikilize mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa sokoni.

Wanaonyamaza si wajinga. Kuna kijana aliyelelewa asimpinge mkubwa hadharani. Wape dakika tatu za kuandika, waongee wawili wawili, ndipo darasa zima. Wala usimwambie mtu, "Tueleze Wasamburu wanaonaje." Utamfanya balozi, naye alikuja kusoma. Uliza kwao nyumbani walifanyaje.

Kwa somo la matanga, tumia Tamko la Nairobi la 1996 la Walutheri kuhusu ibada na utamaduni. Lina vikapu vinne: yaliyo ya Wakristo wote, yanayochukua sura ya mahali, yanayopingwa na Injili, na tunayoazimana. Tumaini la ufufuo ni la kikapu cha kwanza. Kukesha na wafiwa ni la pili. Kumlazimisha mjane arithiwe ni la tatu. Wimbo wa Kikisii kuimbwa na Wakipsigis ni la nne. Jihadhari hapa, mwanangu: kila mtu atatia desturi za jirani kikapu cha tatu na zake cha pili. Weka sharti kwamba hakuna atakayegusa ya mwenzake kabla hajatia moja ya kwao kikapu cha tatu. Nawe anza.

Katika kusahihisha, alama 16 kati ya 20 ziwe za hoja na 4 za lugha, la sivyo utakuwa unapima shule ya sekondari aliyotoka. Kila muhula kila mwanafunzi ahubiri dakika 10 kwa lugha ya mama, mwenzake akitafsiri kwa Kiswahili. Wote wawili wapate alama, kwa kuwa parokiani watahitaji kazi zote mbili.

Utani wa makabila bwenini uukomeshe sasa, usingoje mwaka wa uchaguzi.

Maneno ya Dholuo na Kikisii yatakayowashinda, niandikie.

Mama yako