Nyumba ndogo za wazee kuzunguka ua mmoja: tuliyoyapitia Tanga

Ndugu aliyeuliza kama inafaa kuwajengea wazazi na shangazi yake nyumba ndogo tatu katika kiwanja kimoja badala ya nyumba moja kubwa, namjibu kwa yale tuliyoyapitia sisi Sahare, Tanga, ambako mimi na ndugu zangu tulijenga nyumba nne za chumba na sebule kwa ajili ya mama yetu, mama wakubwa wawili na mama mdogo.

Wazo hili limeshajaribiwa kwingine. Katika mji wa Langley, jimbo la Washington, Marekani, mwaka 1998 zilikamilika nyumba nane ndogo alizozisanifu Ross Chapin, zote zikitazama bustani moja, na magari yakiachwa pembeni ili kila anayerudi kwake apite mbele ya jirani. Denmark nako wazee huishi hivyo tangu miaka ya 1980, kila mmoja na jiko lake, pamoja na ukumbi wa wote. Sisi watu wa pwani ua na baraza tunavyo tangu enzi za mabibi, ila siku hizi tunavizungushia ukuta.

Kosa letu kubwa lilikuwa kuelekeza milango yote barabarani, kwa kuwa fundi alizoea hivyo na sisi hatukumuuliza. Mama mkubwa wa nyumba ya mwisho alikuwa akishinda kutwa bila kuonwa na mtu, na siku alipoteleza bafuni aliyegundua ni muuza samaki, aliyepiga hodi mara tatu, akasikia sauti ya kuugua badala ya karibu. Baada ya hapo tulitoboa ukuta wa nyuma wa kila nyumba, tukaweka mlango wa uani na kibaraza cha kutosha viti viwili na jiko la mkaa. Siku hizi dirisha la mmoja likichelewa kufunguliwa asubuhi, mwenzake anajifunga kanga na kwenda kugonga.

Bafuni msiweke vigae vya kung'aa, hata kama ndivyo dukani wanavyovisifia. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, usiwe na kizingiti; sisi tuliacha 70, na kiti cha magurudumu kilipohitajika ikabidi tuvunje. Vyuma vya kushikia viwe vya chuma cha pua, maana vya kawaida huliwa na chumvi ya bahari.

Umeme kila nyumba iwe na LUKU yake. Maji tuliweka mita moja, na bili yake imetugombanisha kuliko urithi wa shamba, kwa sababu mwenye wajukuu wengi hufua kila siku na asiye nao hulipa sawa naye.

Kabla ya kuchimba msingi, andikeni kwa wakili nani anamiliki nini, nani atapaka rangi, na nyumba ikibaki tupu itakuwa ya nani. Mkataba wetu unasema ataingia mzee mwingine wa ukoo, wala haitapangishwa kwa mtu wa nje, na kipengele hicho kimoja kilitujadilisha Ramadhani nzima, kila baada ya futari, hadi kaka yetu mkubwa alipokubali kutia sahihi siku mbili kabla ya Idi.