Maswali na Majibu: Kriketi kwa Wanaoanza Kuitazama

Tangu timu ya Tanzania ya vijana walio chini ya umri wa miaka 19 ilipofuzu Kombe la Dunia la kriketi kwa mara ya kwanza mwaka 2025, safu hii imekuwa ikipokea maswali kuhusu mchezo huo, mengi yakitoka kwa watu wanaoukuta kwenye runinga za vibanda umiza hapa Kigoma wakati wakisubiri mechi ya ligi ianze. Nimechagua manne. Kwa asiyejua kabisa, itoshe kusema kwamba timu mbili za wachezaji 11 hupokezana zamu: upande mmoja hurusha mpira kuelekea vijiti vitatu vilivyosimikwa ardhini, ndiyo wiketi, na mpigaji wa upande wa pili huvilinda kwa kibao huku akitafuta mikimbio, ndiyo alama za mchezo huu.

*Nimeona mrushaji na wenzake wakimgeukia mwamuzi kwa makelele, mikono juu, na hakuna aliyepewa kadi. Huo si utovu wa adabu? (Msomaji, Ujiji)*

Katika mpira wa miguu ungekuwa utovu wa adabu. Katika kriketi ni sheria. Mwamuzi haruhusiwi kumtoa mpigaji, yaani kuikatisha zamu yake ya kupiga, mpaka upande unaorusha umwulize, kwa maneno ambayo sisi tungeyasema "Vipi hapo?" Wasipouliza, hata kama mwamuzi amejionea mwenyewe kwamba mpira uligusa kibao kabla ya kudakwa, atakaa kimya, na mpigaji ataendelea kucheza isipokuwa aamue kuondoka kwa hiari yake. Ni kama shauri la baraza la kata: pasipo mlalamikaji hapana kesi. Tena kesi hiyo ina muda wake, kwa maana mrushaji akishaanza mbio za kurusha mpira unaofuata, nafasi ya kuuliza imekwisha.

Mlalamikaji anaweza pia kuiondoa kesi, mwamuzi akiridhia. Mwaka 2011, mjini Nottingham, Ian Bell wa Uingereza alidhani mpira umekwisha kuvuka mpaka wa uwanja, akaanza kuondoka kwenda kunywa chai, kumbe mpira bado ulikuwa mchezoni, na Wahindi wakaangusha wiketi yake akiwa mbali nayo. Kisheria alikuwa ametolewa. Wakati wa mapumziko hayo ya chai nahodha wa India, MS Dhoni, aliondoa dai, na Bell akarudi uwanjani. Angelo Mathews wa Sri Lanka hakubahatika hivyo mjini Delhi mwaka 2023. Alikuwa na dakika mbili za kujiweka tayari, mkanda wa kofia yake ukakatika, muda ukapita, na nahodha wa Bangladesh, Shakib Al Hasan, akauliza swali lake na kukataa kulifuta. Mathews akawa mchezaji wa kwanza katika mechi za kimataifa kutolewa kwa kuchelewa, kabla hajapokea hata mpira mmoja. Mimi ningelifuta dai lile, lakini siwezi kusema kwamba Shakib alivunja kanuni yoyote.

*Tumeambiwa ova moja ni mipira 6. Mimi nimehesabu 8. Nani amekosea? (Mwanafunzi, Kasulu)*

Hakuna aliyekosea. Mpira uliopita mbali mno na mpigaji, au uliorushwa huku mguu wa mbele wa mrushaji umevuka mstari, hauingii katika hesabu ya 6: wapigaji huongezewa mkimbio mmoja na mpira hurudiwa. Ova uliyoitazama ilikuwa na makosa mawili ya namna hiyo.

*Mpira ulimpiga mpigaji gotini, akatolewa. Baadaye mwingine akapigwa vilevile, akaachwa. Kwa nini? (Msomaji, Gungu)*

Hili ndilo swali linalowasumbua hata waliouzoea mchezo. Kanuni inakataza kulinda wiketi kwa mwili badala ya kibao, na ingawa jina lake la Kiingereza, "leg before wicket" (mguu mbele ya wiketi), hutaja mguu, hata bega linahusika. Mwamuzi hujiuliza kwanza kama mpira uligusa kibao kabla ya mwili. Kama uligusa, shauri limekufa. Kisha hutazama ulidundia wapi. Ukidundia nje ya mstari wa vijiti, upande ule ambao mpigaji ameugeuzia mgongo anaposimama kiubavu, hatolewi kamwe, hata kama ulikuwa unakwenda moja kwa moja kwenye wiketi. Ukimpiga nje ya mstari upande ule aliouelekezea kifua, huachwa iwapo alijaribu kweli kuupiga, lakini aliyekaa tu na kuuzuia kwa mguu bila kujaribu anaweza kutolewa. Mwisho kabisa ndipo linapokuja swali ambalo watazamaji huliuliza la kwanza: je, mpira ungeendelea na kuangusha vijiti?

Yumkini wapigaji wako wawili walitofautiana kwa upana wa kiganja tu, pale mpira ulipodundia.

*Inawezekanaje watu wacheze siku 5 na asipatikane mshindi? (Mvuvi, Kibirizi)*

Katika mechi za siku 5, kuongoza kwa mikimbio hakutoshi. Ni lazima pia zamu za wapinzani zikamilike. Muda ukiisha kabla hawajatolewa wapigaji 10 katika zamu ya mwisho, na wao hawajafikia idadi wanayoitafuta, mechi ni sare, hata kama wako nyuma kwa mikimbio 300. Ndiyo maana timu iliyoelemewa huacha kutafuta mikimbio na kujilinda tu mpaka jua lizame.

Iliwahi kujaribiwa dawa ya kuondoa kikomo cha muda. Mwezi Machi 1939, mjini Durban, Afrika Kusini na Uingereza zilikubaliana kucheza mpaka mshindi apatikane, hata iweje. Siku ya kumi ya mchezo Waingereza walikuwa na mikimbio 654 kati ya 696 waliyoihitaji, wakiwa wamebakiwa na wapigaji watano, mvua ikanyesha. Wewe uliyewahi kuisubiri Liemba gatini utawaelewa: meli ya kuwarudisha kwao ilikuwa Cape Town, safari ndefu ya treni, nayo isingewangoja. Wakafungasha, na mechi ikaandikwa sare.